Sifongo Naye Anastahili Kiswahili

Wapo wasomi wa Kiswahili wanaoshikilia kwamba taaluma yetu ni ushairi, riwaya na sarufi, na kwamba seli na asidi ni mambo ya wenzetu wa sayansi. Mimi sikubaliani nao. Ili kuthibitisha hoja yangu nimechagua makusudi mada iliyo ngumu: asidi mafuta katika utando wa seli za sifongo wa baharini.

Sifongo ni mnyama, ingawa hana mdomo wala ubongo. Kule Jambiani, Unguja, wanawake humkuza baharini kwenye kamba na kumuuza kwa matumizi ya kuogea. Kwetu Chakol, kati ya Busia na Malaba, neno "sponji" humkumbusha mtu godoro la kiwandani tu.

Utando, hata hivyo, unajulikana na kila achemshaye maziwa. Seli nayo ina utando wake, na sehemu kubwa ya utando huo ni mafuta. Asubuhi ya baridi, samli huganda jikoni ilhali mafuta ya simsim hubaki majimaji. Asidi mafuta zilizonyooka hubanana zikaganda. Zenye bondi maradufu, yaani mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili badala ya mmoja, hupinda na kuachiana nafasi. Utando unahitaji ulaini huo, kwani ukiganda seli hushindwa kufanya kazi.

Katika mwili wa binadamu, asidi mafuta nyingi za utando zina kaboni 16 hadi 22. Sifongo wengi wana nyingine zenye kaboni 24 hadi 30. Mnyororo mrefu kiasi hicho ungeganda upesi, lakini aghalabu huwa na bondi maradufu mbili, kwenye kaboni ya 5 na ya 9, nazo huulegeza.

Je, ndugu msomaji, umepotea njiani? Ikiwa hukupotea, basi Kiswahili kimeweza.

Istilahi si haba. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, mwanafunzi wa Chakol anayezungumza Kiteso nyumbani na Kiswahili sokoni bado hufundishwa sayansi kwa Kiingereza, na mara nyingi hukariri asichokielewa. Istilahi zimebaki kamusini kwa kukosa waandishi, na waandishi hao ni sisi.

Napendekeza kila toleo la jarida letu liwe na makala moja ya sayansi, itakayoandikwa na mwanafunzi wa Kiswahili pamoja na mwenzake wa biolojia au kemia, na kupitiwa na wahadhiri wa pande zote mbili. Haba na haba hujaza kibaba.