Katibu wa Bagira apimwe kwa kazi yake

Tangu M23 iuteke mji wa Bukavu Februari 2025, benki zilifungwa na kazi za ofisi zikawa adimu. Katibu wa Bagira aliyepanga dosie miaka kumi, akifika Kinshasa kutafuta kazi, hana cha kuonyesha: bosi anayemjua amebaki nyuma, au naye amekimbia.

Mlango upo. INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, huchangiwa kisheria na waajiri kulingana na mishahara wanayolipa. Basi makatibu wazoefu wapimwe huko kwa kazi yenyewe: barua, dosie, kompyuta, kutunza siri. Wasirudishwe darasani kuanza upya. Na wasitozwe ada, maana wengi wana miezi hawajalipwa.