Wazee nao wafundishwe kompyuta maktabani

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina hasira kidogo, na hasira yenyewe inatokana na daftari.

Mama yangu alitaka pasipoti aende kumwona dada yangu. Siku hizi ombi la pasipoti hupitia eCitizen, kwa hivyo akaenda saiba. Kijana wa pale akamfungulia akaunti, akachagua nenosiri yeye mwenyewe, akaliandika kwenye daftari lake pamoja na namba ya kitambulisho na ya simu. Mama akarudi akisifu: "Yule mtoto ana adabu, amenihifadhia kila kitu nisisahau!"

Nikakosa la kusema. Daftari lile limejaa majina ya wazee wa mtaa mzima.

Simlaumu sana kijana. Ana foleni, na halipwi kufundisha. Lakini mwaka 2023 serikali ilitangaza huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen. Sisi watengenezaji programu tulishangilia. Nani alijiuliza bibi wa miaka 70 atajifunzia wapi?

Jibu langu ni maktaba. Shirika la maktaba la taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1965, na mwaka 1996 lilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Waliomfuata msomaji jangwani wakimtaka mzee hawatamkosa. Tena mkutubi hana cha kumuuzia.

Ingia maktaba asubuhi, siku ambayo shule zimefunguliwa. Utakuta viti vitupu na wazee wachache wakisoma magazeti. Hao hao tuwaanzie. Saa mbili kila Jumanne zinatosha: kushika kipanya, kuchagua nenosiri lako na kulitunza, kutambua ujumbe wa tapeli, kufungua eCitizen na kutoka kabla ya kuondoka. Maandishi yawe makubwa, na mwalimu asiwe na haraka.

Najua mtasema, "Si wana watoto? Wawafundishe!" Haya, mimi ni mtoto na kazi yangu ni kompyuta. Nilikaa na mama dakika tano, nikaona anachelewa, nikamnyang'anya kipanya nikamalizia mwenyewe. Alijifunza nini? Kwamba mwanawe hana subira.

Na msiniambie wazee hawawezi. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, ni nani waliokuwa wakipokea pesa kijijini? Walijifunza kwa sababu walikuwa na haja, na wakala alikuwa karibu.

Mama sasa amebadilisha nenosiri, kwa mkono wake. Ilituchukua karibu saa nzima, nami nikiwa nimekalia mikono yangu. Jumanne ijayo naenda maktaba ya karibu kuomba chumba na saa mbili. Wakinikubalia, nitahitaji wenzangu wawili wenye subira kuliko mimi.

Je, wewe utakuja?