Nani Hulipa Gharama ya Kusubiri?

Mnamo Machi 2015, mashabiki wa hoki ya barafu mjini Buffalo, Marekani, walishangilia goli la wageni. Timu yao, Sabres, ilikuwa ikiwania mkia, kwani aliye wa mwisho hupata nafasi kubwa zaidi ya kumchukua chipukizi bora. Bahati nasibu ikampeleka chipukizi huyo, Connor McDavid, Edmonton.

Siwacheki. Tangu 2005 ligi ya NHL imeweka ukomo wa mishahara kwa timu zote. Nyota hawanunuliki kwa wingi, na kijana mwenye kipaji na mkataba nafuu ni dhahabu. Hesabu yao ilikuwa sahihi, ila hesabu haikabi. Ulinzi ni mazoea: kurudi nyuma upesi, kuziba njia ya pasi, kujitupa mbele ya kisahani. Mazoea hayo kijana huyarithi kwa wakongwe, nao ndio wanaouzwa kwanza timu “inapojengwa upya”.

Mwaka 2018 Ryan O’Reilly alikiri kuwa kushindwa kila mara kulimpunguzia mapenzi ya mchezo. Buffalo ikamwachia St. Louis. Mwaka uliofuata alitwaa Kombe la Stanley, pamoja na tuzo ya mshambuliaji hodari zaidi wa kulinda.

Hadi 2025, Buffalo ilikuwa imekosa hatua ya mtoano kwa misimu 14 mfululizo. Mameneja walikuja na kuondoka, kila mmoja akihubiri subira (watumishi wa umma mnaifahamu lugha hiyo), huku tiketi zikiendelea kulipiwa. Ningekuwa shabiki wao, ningemwuliza kila meneja mpya: ni wakongwe gani watakaobaki?