Shuka Katesh siku ya mnada
Mabasi ya Singida kwenda Arusha huipita Katesh mbio, abiria wakiuangalia mlima Hanang dirishani, na hapo ndipo wanapopunjika. Siku ya mnada, Mbarabaig aliyejitanda shuka anabishania bei ya ndama na Mwiraqw aliyeteremka kutoka Mbulu, huku Mnyaturu akiuliza vitunguu. Kiswahili kinawapatanisha wote. Mtazame mama wa Kibarabaig: chale zimezunguka macho, bangili za shaba zimepanda mkononi, vazi lake la ngozi limelainishwa kwa mafuta. (Picha? Omba kwanza, yule si sanamu.) Ukibaki na muda, vuka hadi bonde la Yaeda Chini kwa Wahadzabe, ambao mwaka 2011 walipewa hati ya kimila ya ardhi yao. Wabantu, Wakushi, Waniloti na wenye lugha ya vidoko, wote ndani ya mkoa mmoja! Tunawalipa mawakala watupeleke Bangkok kutazama mchanganyiko wa watu, ilhali Katesh hata kibao cha kumwelekeza mgeni mnadani ni shida, na choo safi usiulize.