Vitabu vya Kufungiwa Kabatini

Kitabu cha picha anachonunuliwa mtoto wa miaka miwili hakikusudiwi kudumu, wala usafi wa kurasa zake si ushahidi kwamba nyumba husika inathamini elimu; aghalabu ni ushahidi kwamba hakuna aliyewahi kukifungua. Msimamo huu umeimarishwa na yaliyoonekana wiki hii katika nyumba moja ya Sinza, Dar es Salaam, ambamo vitabu vya Kiswahili vya watoto, vilivyoletwa kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa, vilipokewa kwa shukrani tele na papo hapo vikafungiwa katika kabati la vioo, jirani na glasi za wageni ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuzinywea. Mwenye siku yake alisimama akigonga kioo kwa kiganja, akakatazwa asichafue, kisha akapewa simu ili atulie. Mwenye nyumba ni shemeji wa mwandishi wa safu hii, na utetezi wake ulikuwa kwamba simu nayo ina vitabu, tena vinavyojisoma vyenyewe.

Kujisoma huko ndiko kunakoharibu shughuli nzima. Kinachomfaa mtoto mdogo ni mzazi anayesita katikati ya ukurasa, akauliza kuku huyu anakwenda wapi, akapokea jibu la neno moja na kulirefusha likawa sentensi. Mtindo huo, unaoweza kuitwa usomaji wa majadiliano, yaani usomaji ambao mtoto hugeuzwa taratibu kuwa msimulizi, ulielezwa na Grover Whitehurst na wenzake wa Marekani katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988. Utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wazazi 37 na watoto wao, ulionyesha kuwa mazungumzo baina yao yalipungua kitabu kilipokuwa cha kishikwambi badala ya karatasi. Wala shemeji hakuhitaji kusubiri Wamarekani, kwa kuwa bibi aliyemlea hakuanza hadithi yoyote kabla paukwa yake haijaitikiwa pakawa, na aliyenyamaza alihesabiwa kuwa amelala.

Hoja ya bei, ambayo nayo ilitolewa, haistahili kujibiwa kwa urefu, maana thamani ya kabati lile ingenunua vitabu vya kuchanwa na watoto wa mtaa mzima. Na kuchana ni sehemu ya somo: mtoto anayetafuna pembe ya ukurasa ameanza kukizoea kitabu, ilhali anayekitazama kupitia kioo anajifunza kwamba ni mali ya wakubwa.

Miaka michache ijayo, baba huyu atasimama katika kikao cha wazazi na kumtuhumu mwalimu wa darasa la kwanza kwa kushindwa kuwafanya watoto wapende kusoma, na bila shaka atapigiwa makofi.