Usiache Mbachao: Kompyuta Kuukuu Yaweza Kuwa Sinema ya Nyumbani

Ofisi nyingi siku hizi zinaondoa kompyuta ambazo bado ni nzima, na sababu yake si uchakavu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa matengenezo ya kawaida ya programu ya Windows 10. Programu iliyoifuata, Windows 11, haizipokei prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Hivyo mashine isiyo na ubovu wowote huhesabiwa kuwa imekufa, ikapelekwa stoo au kwa muuzaji wa vitu vikuukuu. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Leo tutazame jinsi familia ya mfanyakazi inavyoweza kuigeuza mashine ya aina hiyo kuwa sinema ya nyumbani: ndogo, isiyokula umeme mwingi, na iliyo kimya.

Neno "kimya" nalitilia mkazo kwa makusudi. Katika nyumba nyingi za kupanga, sebule ya jioni ndiyo malazi ya watoto usiku. Na mzazi aliyetoka zamu ya usiku hulala mchana hatua chache tu kutoka kwenye televisheni. Mashine inayovuma kama kinu cha kusaga haina nafasi katika nyumba ya namna hiyo, hata ikipatikana bure.

Jambo la kwanza ni kuchagua. Zipo kompyuta za ofisini zenye ukubwa wa kitabu kinene, kiasi cha sentimita 18 kwa 18, kama vile ThinkCentre Tiny za Lenovo na OptiPlex Micro za Dell. Kabla ya kulipa, soma jina la prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta. Katika jina i5-4570T, tarakimu 4 inayofuata kistari yaonyesha kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 2013. Herufi T yaonyesha kwamba imeundwa kutumia umeme mdogo. Kizazi hicho huonyesha vizuri filamu za kawaida zilizofungwa kwa mtindo wa H.264. Lakini filamu nyingi za 4K hufungwa kwa mtindo wa HEVC wa biti 10, na prosesa za mezani zinazoufungua mtindo huo bila kuhangaika ni za kizazi cha saba, zilizoingia madukani mwaka 2017. Mwenye televisheni ya kawaida hana haja ya kulipia zaidi ya kizazi cha nne. Mwenye televisheni ya 4K atafute cha saba.

Tufanye hesabu kidogo ya umeme. Kompyuta kubwa ya mezani ikila wati 60 kwa saa tano kila siku, katika siku 30 itakuwa imekula uniti 9. Ndogo ikila wati 15 kwa muda huohuo, itakula uniti 2 na robo tu. Tofauti hiyo hurudi kila mwezi, nayo haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tuje kwenye kelele. Chanzo chake ni viwili: diski inayozunguka na feni. Diski dawa yake ni kuiondoa na kuweka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Ya GB 120 yatosha. Diski iliyotoka ofisini huenda bado ina barua, mishahara na siri za watu. Si haki kuzipekua. Ifutwe yote, au irudishwe kwa wenyewe.

Feni hupiga kelele kwa sababu ya joto, na joto huletwa na vumbi. Chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, na usafishe kwa brashi laini huku umelizuia pangaboi la feni kwa kidole lisizunguke. Kisha ondoa chuma kinachopoza prosesa, futa grisi ya zamani iliyokauka kwa kitambaa chenye spiriti, na uweke grisi mpya ya kupitishia joto, isiyozidi ukubwa wa punje ya choroko. Kwa kompyuta kubwa, kumbuka kuwa feni pana inayozunguka polepole husukuma hewa sawa na feni ndogo inayokimbia, lakini kwa sauti ndogo zaidi. Chini ya mashine weka vipande vya mpira ili meza isitetemeke nayo. Na jambo moja kwa akina mama na akina baba wapenda mapambo: kile kitambaa kizuri cha kufumwa kisiifunike mashine hii, kwani itakosa pumzi.

Yapo mambo mawili ya hatari. Kompyuta kubwa huwa na sanduku la umeme ndani yake. Usilifungue kamwe, kwa maana hutunza umeme hata baada ya waya kuchomolewa. La pili ni betri bapa ya mviringo inayotunza saa ya kompyuta. Ukiibadilisha, usiiache ile ya zamani mezani. Mtoto akiimeza na ikamkwama kooni, yaweza kumuunguza vibaya katika muda wa saa mbili. Apelekwe hospitali papo hapo, pasisubiriwe dalili.

Baada ya usafi, weka programu ya bure iitwayo Kodi. Ilianza mwaka 2002 kwa ajili ya mashine ya michezo ya Xbox, ikapewa jina hili mwaka 2014. Njia nyepesi ni kuweka LibreELEC, mfumo uliotengenezwa kwa kazi ya kuendesha Kodi tu. Kumbukumbu ya GB 4 inautosha. Kuhusu waya, mashine nyingi za aina hii zina tundu la DisplayPort na la VGA, si la HDMI. Usiunganishe kwa VGA, kwani haipitishi sauti; nunua adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI. Simu ya mkononi yaweza kutumika badala ya rimoti.

Mwisho, pangeni bei kabla ya kuanza. Jumlisheni mashine, SSD, grisi na adapta. Jumla ikikaribia bei ya kifaa kipya cha kuonyesha filamu, acheni. Ukuukuu peke yake si sifa. Ikiwa ni nusu yake au pungufu, shikeni bisibisi, na muwaite watoto wakubwa watazame kazi. Mtoto aliyeiona kompyuta imefunguliwa na kufungwa tena ikafanya kazi, hataiogopa maishani mwake.