Akiba ya mwalimu isingoje mwisho wa mwezi

Walimu wa hapa Nchiru, kama wenzao kote nchini, hulalamika kila wapatapo stakabadhi ya mshahara kwamba makato yamewamaliza. Mengi ya malalamiko hayo nayaunga mkono. Kuhusu makato ya pensheni, naomba kutofautiana nao.

Kwa miaka mingi mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) hakuchangia pensheni yake. Ililipwa kutokana na kodi. Mpango mpya, ulioanza Januari 2021 chini ya sheria ya mwaka 2012, uliwaingiza moja kwa moja watumishi wa umma waliokuwa chini ya umri wa miaka 45. Mwaka wa kwanza walikatwa asilimia 2 ya mshahara wa msingi, wa pili asilimia 5, na kuanzia wa tatu asilimia 7.5. Serikali huongeza asilimia 15. Basi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 40,000 hutoa 3,000 na kuongezewa 6,000.

Hekima ya mpango huu imo katika kutomngoja mtu aamue, na katika kupanda polepole. Mwaka 2004 wataalamu wa uchumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walieleza jinsi wafanyakazi wa kampuni moja ya Marekani walivyokubali mapema kuongeza akiba kila mshahara upandapo. Katika miezi 40 akiba yao ilitoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6. Hawakuwa wamegeuka matajiri. Waliondolewa tu mzigo wa kuamua upya kila mwezi. Akiba ingojayo masalio haiwekwi, kwani karo, matibabu na harambee huyamaliza masalio hayo mapema.

Lakini je, nani ameachwa nje? Ni mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, pamoja na mwalimu mwanagenzi. Hawa wanashika chaki ile ile na kusahihisha madaftari yale yale, ila asilimia 15 ya serikali haiwafikii. Kimbilio la wengi wao ni Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF), ambako mfanyakazi na mwajiri hutoa asilimia 6 kila mmoja. Miaka yao ya mwanzo, ambayo fedha zake zingekaa muda mrefu zaidi zikizaa, inapita na akiba haba.

Maoni yangu ni kwamba mwalimu aingizwe katika mpango huu tangu siku ya kwanza anaposimama mbele ya darasa, hata kwa asilimia 2 ile ya kuanzia. Nao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, watakaoajiriwa kesho, wakipewa barua ya kazi wasiulize mshahara pekee. Waulize pia mwajiri atawawekea kiasi gani, na kuanzia lini. Akiba haiozi, ila huchelewa.